Mpango wa taifa wa intaneti ya kasi upimwe kwa kipi: kilomita za mkongo au watu wanaoutumia?

#1 mleta_mada

Wadau, heshima kwenu nyote. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma mipango ya kitaifa ya intaneti ya kasi ya nchi mbalimbali, ile inayozinduliwa kwa mbwembwe na baadaye kuhifadhiwa kabatini, na nimegundua kwamba mingi inafanana kwa jambo moja. Kurasa za mwanzo zimejaa kilomita za mkongo, yaani nyaya kuu za faiba zinazobeba intaneti, idadi ya minara na kasi itakayofikiwa ifikapo mwaka fulani, lakini ukitafuta mahali palipoandikwa ni nani atakayeruhusiwa kukodi mkongo huo, kwa bei gani ya jumla, na kwa masharti yaliyo wazi kwa kila mtu, unakutana na aya moja isiyosema lolote au hukuti kitu kabisa. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba aya hiyo ndiyo sera yenyewe, na kwamba serikali inayoiacha tupu imeandaa mradi wa ujenzi tu.

Nianze na hali ilivyo duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2024 watu wapatao bilioni 5.5, sawa na asilimia 68 ya watu wote, walikuwa wakitumia intaneti, na bilioni 2.6 walikuwa nje. Wengi wetu hudhani kwamba hao walio nje wanaishi mahali ambako mtandao haujafika. Sivyo. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilikadiria mwaka huohuo kwamba wanaoishi nje kabisa ya maeneo yenye intaneti ya simu ni kama watu milioni 350, yaani asilimia 4 hivi, ilhali walio ndani ya maeneo yenye mtandao na bado hawautumii ni takriban bilioni 3.1. Takwimu za vyombo hivi viwili hazijumlishiki moja kwa moja, kwa kuwa GSMA inahesabu intaneti ya simu katika kifaa cha mtu mwenyewe, lakini ujumbe wake ni mmoja: kwa kila mtu mmoja aliyekosa mnara, wapo wanane au tisa ambao mnara wanao na huduma hawaitumii.

Sasa tuitazame Rwanda, kwa sababu ni mfano ambao kila mpangaji anapaswa kuujua kwa undani. Mwaka 2013 serikali iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini, ikaundwa kampuni moja ya kujenga mtandao wa 4G na kuuza uwezo wake kwa jumla tu, yaani kwa kampuni za simu na si kwa mwananchi moja kwa moja, na kampuni hiyo ikapewa haki ya pekee ya teknolojia hiyo. Kwa upande wa ujenzi, mpango ulifanikiwa kuliko ilivyo kawaida, kwani ndani ya miaka michache mtandao ulikuwa umewafikia zaidi ya asilimia 95 ya wananchi, jambo ambalo nchi tajiri nyingi zingelionea fahari. Hata hivyo, wateja walio wengi waliendelea kutumia 3G. Sababu yake haikuwa ya kihandisi. Kampuni za simu zilikuwa tayari na mitandao yao ya 3G iliyokwisha kulipiwa, na hazikuwa na haja ya kununua kwa mwingine huduma ambayo ingeifanya mitandao hiyo ionekane ya kizamani. Hatimaye sera ilibadilishwa, na kufikia mwaka 2023 kampuni ya simu iliruhusiwa kuendesha 4G yake yenyewe.

Mexico ilipita njia inayokaribiana na hiyo. Mageuzi ya katiba ya mwaka 2013 yaliagiza kuwepo kwa mtandao wa pamoja wa kuuza kwa jumla, masafa ya megahezi 700 yakatengwa kwa ajili yake, huduma ikaanza mwaka 2018, na mwaka 2021 kampuni iliyopewa kazi hiyo ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, hadi serikali ikachukua hisa nyingi zaidi mwaka 2022.

Mtu anaweza kusema basi, mtandao wa jumla haufai. Lakini Stockholm imekuwa na kampuni ya manispaa, Stokab, tangu mwaka 1994, ambayo haimuuzii mwananchi intaneti wala haiwashi vifaa vyovyote. Inakodisha nyuzi tupu za faiba kwa yeyote anayezihitaji, kwa masharti yaleyale, na imeendelea vizuri kwa miongo. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: Stokab iliuza kitu ambacho wanunuzi wake hawakuwa nacho na wasingependa kukijenga wenyewe, ilhali Rwanda na Mexico ziliuza kitu ambacho wanunuzi wakubwa walitaka kukijenga wao. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mkongo utakuwa na urefu gani, mpango uanze kwa kuuliza nani atakuwa mteja wa kwanza wa mkongo huo, na kwa nini anunue.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaoshughulika na kazi hizi kila siku.

#2 fundi_nyaya

Mkuu mleta mada, naunga mkono hoja, ila niongeze jambo ambalo wanaoandika mipango hawalioni kwa sababu wanaangalia ramani iliyochorwa mstari mmoja mwekundu kutoka mji hadi mji.

Mkongo wa masafa marefu ukipita kando ya kijiji, kijiji hicho hakijaunganishwa. Ndani ya ule waya kuna nyuzi, tuseme 48 au 96, zilizounganishwa moja kwa moja kutoka kituo kimoja hadi kingine kilicho mbali. Ili kijiji kipate huduma, lazima pawe na mahali ambapo waya unafunguliwa, nyuzi chache zinakatwa na kuchomelewa upya ndani ya boksi la maungio, kisha zinapelekwa kwenye kabati lenye umeme wa uhakika, betri za akiba, kiyoyozi au walau feni, na mitambo ya kusambaza. Sehemu hiyo ya kutokea isipowekwa kwenye michoro tangu mwanzo, kuiongeza baadaye kunahitaji kibali cha mwenye mkongo, kuhamisha trafiki, yaani data zinazopita, ya wateja wengine kwa muda, na gharama ambayo mtoa huduma mdogo hawezi kuibeba. Matokeo yake ni kwamba mkongo unapita mita mia mbili kutoka shuleni na shule inaendelea kutumia modemu ya simu.

India iliidhinisha mradi wake mkubwa Oktoba 2011, ambao baadaye uliitwa BharatNet, ukiwa na lengo la kufikisha faiba katika halmashauri za vijiji zipatazo 250,000. Lengo lile lilikuwa sahihi kwa kuwa lilitaja mahali pa kushukia na si kilomita pekee. Hata hivyo, muda wa kukamilisha uliongezwa mara kadhaa, na kasoro iliyosemwa sana ni kwamba palikuwa na maeneo yaliyohesabiwa kuwa yameunganishwa huku vifaa vikiwa vimezimwa, ama kwa kukosa umeme ama kwa kukosa mtu wa kuvitunza. Katika taarifa za mradi, kituo kilichojengwa na kituo kinachofanya kazi vinapaswa kuwa safu mbili tofauti.

#3 mchumi_wa_kata

Ndugu mleta mada, umejenga hoja yako vizuri, lakini naona umeipa bei ya jumla uzito kupita kiasi. Mahali penye watu wachache waliotawanyika, hata ukimpa mtoa huduma mkongo bure, mapato hayatalipia mafuta ya jenereta. Hapo suala si ushindani, ni ruzuku, na sera inayokwepa neno ruzuku inajidanganya.

Nchi nyingi zina mfuko wa mawasiliano kwa wote, unaotokana na asilimia ndogo ya mapato ya kampuni za simu. Utafiti uliotolewa na GSMA mwaka 2013 uliona kwamba zaidi ya dola bilioni 11 za Marekani zilikuwa zimelala kwenye mifuko ya namna hiyo. Fedha hizo zimekwisha kukatwa kwa wateja kupitia bei wanazolipa, zikaingizwa kwenye akaunti, na hazijajenga chochote. Ukiniuliza aya gani katika mpango isomwe kwanza, nitasema ni ile inayoeleza mfuko huo unatoa fedha kwa utaratibu gani, ndani ya muda gani, na nani anakagua.

Utaratibu mzuri upo na si mgeni. Tangu miaka ya 1990 Chile iliwapa fedha wajenzi wa simu za umma vijijini kwa njia ya mnada wa kushuka: serikali inataja maeneo na kiwango cha huduma, na anayeomba ruzuku ndogo kuliko wenzake ndiye anayeshinda. Hakuna waziri anayechagua kampuni, wala hakuna anayekisia gharama kutoka ofisini, kwa sababu washindani wenyewe wanalazimika kuitaja.

#4 mleta_mada

Ndugu mchumi, nakubaliana nawe kuhusu ruzuku, na mnada wa kushuka ni utaratibu ninaoupenda. Lakini ruzuku nayo inataka kujua kwanza nani hana huduma, na hapo ndipo mipango mingi inapoteleza. Marekani ndiyo funzo kubwa la hili.

Mpango wao wa kitaifa ulitolewa Machi 2010, ukiwa na lengo la kuzifikishia nyumba milioni 100 kasi ya megabiti 100 kwa sekunde ifikapo mwaka 2020. Kwa miaka mingi mdhibiti wao wa mawasiliano, FCC, alipima maendeleo kwa kutumia fomu iliyojazwa na watoa huduma wenyewe, na kipimo kilikuwa kitalu cha sensa, yaani kipande cha eneo kinachotumika kuhesabia watu. Kama mtoa huduma aliweza kuhudumia nyumba moja tu ndani ya kitalu, kitalu kizima kilihesabiwa kuwa kina huduma. Mjini kitalu ni kama mzunguko wa mtaa mmoja, hivyo kosa lilikuwa dogo, lakini mashambani kitalu kimoja kinaweza kuwa na eneo kubwa mno, na nyumba iliyo kando ya barabara kuu, yenye waya mlangoni, iliwafuta kwenye orodha ya wahitaji majirani wote walio nyuma ya vilima. Aliyefutwa hakuwa na pa kulalamikia, kwa kuwa ramani haikuonyesha nyumba yake.

Mwaka 2020 Bunge lao lilitunga sheria ya kulazimisha ramani mpya, na Novemba 2022 ikatoka ramani inayoonyesha jengo kwa jengo, ambayo mwananchi anaweza kuipinga kwa kusema kwamba huduma inayodaiwa kuwepo nyumbani kwake haipo. Miezi saba baadaye, dola bilioni 42.45 zilizotengwa na sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ziligawiwa kwa majimbo kwa kufuata ramani hiyo. Kwa maneno mengine, hata ule mnada wako wa kushuka, ukiendeshwa juu ya ramani ya zamani, ungepeleka fedha mahali pasipohitaji na kuwaruka wanaohitaji, na kila hatua ingekuwa halali kwenye makaratasi.

Finland ilitumia njia fupi zaidi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2010, muunganisho wa megabiti 1 kwa sekunde ulikuwa haki ya kisheria ya kila mkazi wa kudumu na kila ofisi. Kasi hiyo leo inachekesha, lakini cha maana kilikuwa kumpa mtu mmoja mmoja dai analoweza kulisimamia mwenyewe, badala ya kumsubirisha wastani wa taifa.

#5 mwalimu_tehama

Wakuu, mmezungumza mkongo, ruzuku na ramani, na takwimu aliyoanza nayo mleta mada bado haijajibiwa. Ikiwa watu bilioni 3.1 wana mtandao hewani na hawautumii, basi sehemu kubwa ya mpango inapaswa kuwahusu hao, na mimi sioni zaidi ya sentensi moja ya heshima kuhusu "kujenga uwezo wa wananchi".

Korea Kusini, ambayo kila mpango huitaja kwa sababu ya kasi yake, ilifanya mambo mawili ambayo wanaoinakili huyaacha. La kwanza, mwaka 2000 ilianzisha mafunzo ya intaneti kwa raia milioni 10, na waliolengwa walikuwa wale ambao soko lingewafikia mwisho: akina mama wa nyumbani, wazee, wanajeshi, wafungwa. Mama wa nyumbani aliyejua kutumia kompyuta ndiye aliyeamua kuiunganisha nyumba, na kampuni zilipata wateja ambao hazikuwatarajia. La pili, kuanzia mwaka 1999 serikali ilianza kutoa vyeti vya daraja kwa majengo kulingana na ubora wa nyaya zake za ndani. Mjenzi wa ghorofa alijua kwamba cheti kinauza nyumba, kwa hiyo akaweka nyaya nzuri kwa gharama yake, bila ruzuku ya mtu.

Suala la gharama nalo lina kipimo kinachojulikana. Tume ya Broadband, iliyoundwa na ITU pamoja na UNESCO mwaka 2010, iliweka mwaka 2018 lengo kwamba kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya pato la mwezi la mtu wa wastani ifikapo mwaka 2025. Lengo la awali lilikuwa asilimia 5. Shida yangu ni hilo neno wastani. Nchi yenye pengo kubwa la kipato inaweza kutangaza kwamba imefikia asilimia 2, huku kaya za chini zikilipa mara kadhaa ya hapo. Na kifurushi si kitu bila kifaa. Wizara moja inapotangaza intaneti kwa wote na wizara nyingine inaitoza simu janja kodi ya bidhaa za anasa, hakuna haja ya kufanya utafiti kujua kwa nini watu hawaingii mtandaoni.

Msaada wa matumizi nao unaweza kukatika ghafla. Marekani ililipia kaya zaidi ya milioni 23 hadi dola 30 kwa mwezi katika gharama zao za intaneti, na fedha zilipokwisha katikati ya mwaka 2024 mpango ukafungwa. Ruzuku ya matumizi isiyokuwa na chanzo cha kudumu haipaswi kuitwa sera.

#6 msomaji_wa_pembeni

Naomba niulize kwa nia njema. Je, haya yote hayajapitwa na wakati? Sasa kuna satelaiti zinazozunguka karibu na dunia, mtu ananunua dishi dogo na kupata kasi ya kutosha popote alipo. Kwa nini serikali ichimbe mitaro?

#7 fundi_nyaya

Ndugu msomaji, satelaiti hizo ni msaada mkubwa kwa zahanati iliyo kisiwani au mgodi ulio jangwani, na mpango usiozitaja una kasoro. Lakini uwezo wa mwale mmoja wa mawimbi unaoelekezwa na satelaiti kwenye eneo fulani unagawanywa kwa wote walio chini yake, kwa hiyo kadiri watu wanavyobanana ndivyo kila mmoja anavyopata kidogo, kinyume kabisa na faiba, ambayo inakuwa nafuu zaidi watu wanapobanana. Isitoshe, data zinashuka kwenye kituo cha ardhini, na kutoka hapo zinasafiri kwa faiba ileile unayotaka tusiichimbe.

Ukitaka kuona thamani ya kuwa na njia zote mbili, tazama Tonga. Januari 2022 volkeno ililipuka na kukata mkongo wake pekee wa baharini wa kimataifa, na wiki tano zikapita kabla haujaunganishwa tena. Katika kipindi hicho nchi ilitegemea satelaiti. Mei 2024 nyaya mbili za baharini za pwani ya mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na nchi kadhaa zikapungukiwa na intaneti kwa pamoja. Mpango wa taifa unapaswa kueleza trafiki itapita wapi siku hiyo, na pia ni kiasi gani cha trafiki hakina haja ya kutoka nje kabisa. Taarifa ya Internet Society ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba nchini Kenya na Nigeria sehemu ya trafiki inayobaki ndani ilipanda kutoka asilimia 30 hivi mwaka 2012 hadi takriban 70, hasa kwa sababu ya vituo vya kubadilishana data ambavyo watoa huduma hukutana na kupeana trafiki bila kuizungusha ng'ambo. Kituo cha namna hiyo ni chumba chenye umeme, swichi na makubaliano. Ukilinganisha na mkongo, gharama yake ni ndogo sana, na huenda ndiyo sababu hakizinduliwi na mtu.

#8 mleta_mada

Nashukuru kwa michango. Mwalimu, hoja yako kuhusu neno wastani ni nzito, na ningependa mipango itaje gharama kwa tabaka la chini la kipato peke yake.

Nirudi kwenye bei ya jumla, kwa kuwa ndugu mchumi aliona nimeizidisha. Australia ilitangaza mwaka 2009 kwamba ingepeleka faiba hadi kwenye asilimia 90 ya majengo yake, kupitia kampuni ya umma. Uchaguzi wa mwaka 2013 ukaleta serikali nyingine, ikaamua kutumia nyaya za zamani za shaba na za televisheni kwa sehemu kubwa ya nchi ili kupunguza gharama, na mwaka 2020 ikatangazwa kazi ya kuwapelekea faiba wengi wa walewale walioachwa na shaba. Teknolojia ilibadilishwa na wanasiasa mara mbili. Kilichobaki bila kubadilika katika misukosuko yote ni kwamba kampuni ile ya umma inauza kwa jumla tu, kwa bei zilizochapishwa, kwa kila mtoa huduma aliyekidhi masharti, chini ya usimamizi wa mdhibiti wa ushindani. Wamebishana sana juu ya ukubwa wa bei zenyewe, na pengine wako sahihi kulalamika, lakini wanabishana juu ya namba ambayo kila mmoja anaweza kuisoma. Mahali ambapo bei ya mkongo wa umma ni siri ya mkataba, mtoa huduma mdogo hana hata cha kulalamikia.

Swali langu kwa ndugu fundi: rasimu ya mpango ikiletwa kwa maoni ya wadau na ukaruhusiwa kuongeza kifungu kimoja tu, ungeongeza kipi?

#9 fundi_nyaya

Mkuu, ningeongeza kifungu cha barabara. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2014 la kupunguza gharama za mitandao ya kasi, ulieleza kwamba kazi za uchimbaji na ujenzi zinaweza kufikia asilimia 80 ya gharama yote. Kwa hiyo kila mkataba wa barabara, bomba la maji au njia ya umeme unaolipiwa na fedha za umma ungelazimika kulaza mabomba matupu ya plastiki ya kupitishia nyaya, yasiyopungua matatu, yenye shimo la ukaguzi kila baada ya umbali uliotajwa na jingine mbele ya kila shule, zahanati na ofisi ya kijiji. Bomba moja lingebaki tupu kwa ajili ya atakayekuja baadaye, ramani yake ingekuwa wazi, na bei ya kuyakodi mabomba ingechapishwa. Mkandarasi asingelipwa malipo ya mwisho hadi mtu mwingine, asiyekuwa wake, apitishe kamba ndani ya mabomba hayo kutoka shimo hadi shimo na kuthibitisha kwamba hayajaziba, kwa sababu bomba lililozibwa na tope siku ya kufukiwa halina tofauti na bomba ambalo halikuwekwa.